"Nimwambie Nani?": Wahadhiri na Usalama wa Kompyuta Chuoni

Hotuba hii niliitoa mbele ya kikao cha wahadhiri, mafundi wa TEHAMA na wawakilishi wa wanafunzi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, mafundi wetu wa TEHAMA, viongozi wa wanafunzi, mabibi na mabwana:

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja nilichokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja alibaki darasani wenzake walipokwisha kutoka. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, akaiweka kompyuta yake juu ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, naomba uangalie hapa tu." Kwenye skrini palikuwa na matokeo yake ya mtihani, na juu kabisa, katika anwani ya ukurasa, palionekana namba yake ya usajili. Akafuta tarakimu ya mwisho, iliyokuwa nne, akaandika tano, akabonyeza. Yakatokea matokeo ya mtu mwingine: jina, alama za kila somo, deni la ada, namba ya simu ya mzazi. Hakuvunja kufuli lolote wala hakuiba nenosiri la mtu. Alibadilisha tarakimu moja. Kisha akaifunga kompyuta haraka, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa nimwambie nani?"

Muhula mzima nilikuwa nimemfundisha usalama wa kompyuta. Nilimfundisha usimbaji fiche, yaani kugeuza ujumbe usisomeke na asiyehusika, nikamfundisha namna dosari zinavyotafutwa na namna zinavyozibwa. Sikuwahi kumfundisha mlango wa kubisha siku atakapoikuta dosari ndani ya nyumba yetu wenyewe, kwa sababu mlango huo haukuwapo. Nilikwenda ofisi ya TEHAMA, wakanielekeza kwa msajili. Msajili akanielekeza kwa kampuni iliyouza mfumo. Kampuni ikataka kwanza jina la mwanafunzi, kabla hata ya kusikia dosari yenyewe ni ipi. Nilikataa kulitoa. Dosari ile ilikaa wazi kwa majuma kadhaa, na katika majuma yote hayo kijana yule alikuwa akinipita ukumbini ameinamisha kichwa, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Ndugu zangu, nimesimama hapa leo ili tulijibu swali lake. Ninachoamini, na nitakachokitetea mbele yenu, ni kwamba kompyuta na mitandao ya chuo ni kazi ya kitaaluma kama ulivyo mtaala na kama ilivyo mitihani. Sisi tunaofundisha tuna haki ya kuulizwa juu yake na tuna wajibu wa kuitolea jasho. Mwanafunzi wetu hujifunza usalama mara mbili: mara moja kutoka ubaoni, na mara ya pili kutokana na jinsi chuo chenyewe kinavyomtendea. Mafunzo hayo mawili yakipingana, ni lipi mnadhani ataondoka nalo?

Nianze na suala la kuulizwa.

Mwaka 2015 hospitali za Chuo Kikuu cha California, zile zilizo chini ya UCLA huko Los Angeles, zilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mifumo yao, na kwamba kumbukumbu za watu wapatao milioni 4.5 huenda zilifikiwa. Hilo lilikuwa pigo kubwa, na uongozi wa chuo ulikuwa na kila sababu ya kushtuka. Ofisi ya rais wa mfumo mzima wa chuo, ambaye wakati huo alikuwa Janet Napolitano, ikaagiza mitambo ya kuangalia mawasiliano iwekwe katika mitandao ya kampasi mbalimbali. Mitambo hiyo ilikuwa na uwezo wa kunasa na kuhifadhi mawasiliano yanayoingia na kutoka. Sasa sikilizeni kilichotokea Berkeley, moja ya kampasi za chuo hicho. Pale kulikuwa na kamati ya pamoja ya seneti na utawala, iliyoundwa mahsusi kushughulikia teknolojia ya kampasi. Wahadhiri waliokuwa ndani ya kamati hiyo hawakushirikishwa. Walipokuja kupata habari, waligundua kwamba mafundi wa kampasi walikuwa wameambiwa wasiwaeleze. Januari 2016 wahadhiri hao wakaandika barua kwa wenzao wote, wakasema kwamba wakiendelea kunyamaza watakuwa wameshiriki katika kuuvunja utaratibu wa kuongoza chuo kwa pamoja.

Uongozi ulijitetea kwamba sera ya mawasiliano ya kielektroniki imezingatiwa, na kwamba lengo ni kuwakinga watu dhidi ya mashambulizi. Mimi siwahukumu waliotaka kuwakinga watu. Mtandao usioangaliwa ni nyumba isiyo na mlinzi, na fundi asiyeruhusiwa kuona kinachopita hawezi kumnasa mwizi. Swali langu liko pengine. Nani aliulizwa? Mhadhiri anayefanya utafiti kuhusu wakimbizi, ambaye barua zake zina majina ya watu wanaoweza kudhurika, aliulizwa? Daktari anayewasiliana na wagonjwa wake aliulizwa? Mwanasheria wa kitivo cha sheria anayetunza siri za wateja aliulizwa? Hao ndio wanaojua kilichomo ndani ya mawasiliano yao, na hao ndio ambao wangeweza kusema: angalieni hiki, msiguse kile, kihifadhini kwa siku kadhaa kisha mkifute, na atakayekifungua aandikishe jina lake na sababu yake. Kamati yenye watu wa namna hiyo ingewapa mafundi ulinzi ulio bora zaidi, na usingehitaji kufichwa.

Na hapa naomba niwageukie mafundi wetu waliokaa safu ya nyuma. Katika kisa kile cha Berkeley, jambo linaloniumiza zaidi ni hali ya mafundi. Waliwekwa kati ya mkubwa anayewaamuru wanyamaze na mwalimu anayewauliza kuna nini. Hakuna fundi anayestahili kuwekwa hapo. Kamati ninayoipigania si ya kuwachunga ninyi. Ni ya kuwapa mahali pa kusema, mkiwa mmeketi mezani pamoja nasi na mkiwa na kura kama sisi.

Kuna jambo la nenosiri ambalo nataka nilikawilie kidogo, kwa sababu linaonyesha vizuri sana umbali uliopo kati ya darasa na ofisi. Kwa miaka mingi taasisi nyingi ziliwalazimisha watu kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi mitatu. Ilionekana ni busara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina wakaamua kuipima busara hiyo. Walichukua manenosiri ya akaunti zaidi ya 10,000 zilizokwisha kufungwa, za watu wa chuo chao wenyewe, waliokuwa wamelazimishwa kubadilisha kila miezi mitatu, wakatazama nenosiri jipya linavyofanana na la zamani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalikuwa ya kusikitisha. Ukilijua nenosiri la zamani, katika asilimia 17 ya akaunti ungelipata jipya kwa kubahatisha chini ya mara tano. Watu walikuwa wakiongeza namba mwishoni, wakisogeza alama ya mshangao, wakigeuza herufi ndogo kuwa kubwa. Basi. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kufanya hivyo? Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa mwongozo ikisema watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kila baada ya muda fulani, isipokuwa pakiwa na dalili kwamba limevuja.

Ninafundisha matokeo hayo kila mwaka. Na kila mwaka, nikitoka darasani nikirudi mezani kwangu, nimekuwa nikikuta ujumbe: nenosiri lako litakwisha muda wake, libadilishe sasa. Katika chuo nilichokitaja mwanzoni, jibu la idara kwa ujumbe huo lilikuwa kikaratasi cha njano kilichobandikwa chini ya kibodi ya katibu, chenye nenosiri moja la kuingizia alama za mitihani, lililotumiwa na wahadhiri wote wa idara. Kila miezi mitatu mstari wa juu ulikatwa kwa kalamu na mstari mpya ukaandikwa chini yake, nao ulikuwa uleule wenye tarakimu moja iliyoongezeka. Nilihesabu mistari tisa. Utafiti ulikuwa maktaba, mwongozo ulikuwa wazi kwa kila mtu, mwalimu wa somo hilo alikuwa ghorofa moja juu, na hapakuwa na njia yoyote ya kuviunganisha. Hilo ndilo pengo ninalolisema. Haligharimu fedha nyingi kulijaza. Linahitaji watu kuitana.

Nisonge mbele kwenye suala la pili, ambalo ni uwazi baada ya kupatwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui mahali ambapo neno hilo linafaa kuliko hapa.

Tarehe 23 Desemba 2019, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kilikuta seva zake 267 zimefungwa na programu ya kudai kikombozi. Wavamizi walikuwa wameingia katikati ya Oktoba, kwa sababu watu walifungua viungo vilivyotumwa kwa barua pepe za hadaa. Kwa zaidi ya miezi miwili walitembea ndani kimya kimya, wakijifunza nyumba ilivyojengwa, wakipita katika mashine ambazo hazikuwa zimewekewa masasisho yote ya usalama. Walipofunga seva, walifunga pia baadhi ya nakala rudufu, kwa kuwa nakala hizo zilikuwa zimeunganishwa na mtandao uleule. Chuo kikalipa bitcoin 30, ambazo siku hizo zilikuwa na thamani ya takriban yuro 200,000.

Tunaweza kubishana usiku kucha kama walipaswa kulipa. Ninachotaka mkione ni walichofanya baadaye. Februari 2020 waliitisha mkutano wa hadhara, wakaichapisha ripoti ya wachunguzi, wakaeleza tarehe kwa tarehe mlango uliotumika, makosa waliyofanya na marekebisho yaliyokuwa yanaendelea. Vyuo vingine vikasoma, vikaenda kukagua nakala zao rudufu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia nacho kilifanya vivyo hivyo mwaka 2019, kilipogundua uvamizi uliokuwa umepita miezi bila kuonekana: kilitoa ripoti iliyoeleza hatua za mvamizi moja baada ya nyingine, na mimi nimeitumia ripoti hiyo darasani mara nyingi kuliko kitabu chochote. Hivi ndivyo chuo kinavyopaswa kuwa. Tabibu anayeandika juu ya mgonjwa aliyemfia humwokoa mgonjwa wa tabibu mwingine.

Swali kwenu, wahadhiri wenzangu: mara ya mwisho mfumo wetu wa alama ulipozimika kwa siku mbili, mlielezwa nini? Mlielezwa kwamba kulikuwa na "hitilafu ya kiufundi". Maneno hayo mawili yamezika mambo mengi. Na hitilafu za kweli pia zina somo lake. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti kwenye kompyuta yake kubwa, mafaili yapatayo milioni 34, na hapakuwa na mdukuzi hata mmoja. Skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, ya kutunza nakala rudufu iliandikwa upya na kuwekwa juu ya ile ya zamani wakati ya zamani bado inatembea. Kompyuta ikasoma nusu ya kwanza kutoka katika faili la zamani na nusu ya pili kutoka katika jipya, majina ya vigezo yakawa hayana thamani, na amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu kuukuu za skripti yenyewe ikafuta kazi za watafiti. Vikundi 14 viliguswa, na kwa vikundi vinne data haikuweza kurudishwa. Kyoto walieleza yote hayo hadharani, na kwa sababu walieleza, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anajua leo kwamba skripti inayotembea haiandikwi juu yake.

Sasa nifike kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lililonileta hapa kuliko yote: namna tunavyowafundisha vijana hawa, na namna tunavyowatendea wakifanya tulichowafundisha.

Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu kwenye intaneti kupitia kompyuta ya chuo kingine, MIT. Ilikuwa programu ya kujizalisha na kuhama yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ndiyo maana ikaitwa mnyoo. Ilipita katika tundu la programu ya barua pepe, ikapita katika tundu la programu ya kuuliza habari za watumiaji, ikabahatisha manenosiri mepesi. Morris aliiwekea sharti la kuuliza kwanza kama nakala nyingine imeshaingia, lakini, akihofia kwamba wasimamizi wangeidanganya, akaamuru kwamba mara moja kati ya mara saba ijinakili hata ikijibiwa ndiyo. Saba ilikuwa tarakimu ndogo mno. Kompyuta zikajaa nakala mpaka zikashindwa kupumua. Makadirio yaliyozoeleka ni kompyuta 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti wakati huo.

Ni akina nani walioizima? Walikuwa ni watu wa vyuo. Usiku uleule na siku iliyofuata, huko Berkeley, MIT, Purdue na kwingineko, wanafunzi, wahadhiri na mafundi walikesha pamoja wakiichambua amri kwa amri, wakitumiana viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu. Katika majuma yaliyofuata ndipo kikaundwa kituo cha kwanza cha kuratibu majibu ya matukio ya namna hiyo, na kikawekwa chuoni, Carnegie Mellon. Morris alishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1986, akapatikana na hatia mwaka 1990, akapewa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050. Hakufungwa. Miaka baadaye akawa profesa palepale MIT. Ninalitaja hilo kwa makusudi kabisa. Aliadhibiwa, na adhabu ilistahili, lakini hakuna aliyemfungia mlango wa elimu maisha yake yote.

Linganisheni na kisa hiki. Mwaka 2012, katika Chuo cha Dawson mjini Montréal, mwanafunzi wa miaka 20 na mwenzake walikuwa wakitengeneza programu ya simu ili wanafunzi wafikie akaunti zao kwa urahisi. Wakakuta dosari iliyoziacha wazi taarifa za wanafunzi zaidi ya 250,000. Wakaenda kuripoti, wakashukuriwa. Baada ya siku mbili yule kijana akaendesha programu ya kupima, kuona kama dosari imezibwa. Kampuni ya mfumo ikapiga simu. Shauri likapelekwa mbele ya walimu wa idara yake ya sayansi ya kompyuta, nao 14 kati ya 15 wakapiga kura afukuzwe, naye akafukuzwa. Chuo kilisema alikuwa amevunja kanuni za maadili ya taaluma, na mimi sikuwa katika chumba kile. Kuendesha programu ya kupima bila ruhusa ni kosa, na ninalifundisha kuwa ni kosa. Lakini najiuliza mpaka leo: kati ya walimu wale 14, ni wangapi waliokuwa wamemweleza, kabla ya siku ile, kwa maandishi, mwisho wa ruhusa yake uko wapi? Usimamizi wa wahadhiri ninaoutaka si kura ya kufukuza tu, inayoitishwa mambo yakishaharibika. Unaanza siku ya kwanza ya muhula.

Kuna njia nyingine, nayo imejaribiwa. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary kilipoanzisha somo la virusi vya kompyuta ambalo wanafunzi wangeandika virusi wenyewe, kampuni za programu za kuzuia virusi zilipiga kelele. Chuo kikasimama na mwalimu wake, lakini hakikusimama kwa ukaidi: somo liliwekwa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika maabara iliyotengwa na mtandao wa nje, chini ya masharti makali ya nini kinaingia na nini kinatoka. Nani anaweza kuziba tundu asilolijua? Hatumfundishi daktari maradhi kwa kumficha maradhi, tunamfundisha akiwa na glavu mikononi. Maabara iliyotengwa ndiyo glavu yetu.

Na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Nijmegen walivunja usimbaji wa kadi janja iitwayo MIFARE Classic, iliyotumika kwa nauli katika miji kama London na kwa kufungulia milango ya majengo mengi. Wakaiarifu serikali ya Uholanzi na mtengenezaji kwanza, kisha wakasubiri kwa miezi kabla ya kuchapisha undani wake. Mtengenezaji, kampuni ya NXP, akaenda mahakamani kuzuia makala. Chuo hakikuwaacha watu wake. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ikaamua kwamba makala ichapishwe, ikieleza kwamba madhara yanatokana na udhaifu wa kadi yenyewe. Nawaomba mfikirie jinsi mwanafunzi wa Radboud alivyojisikia asubuhi ile, kisha mfikirie kijana wangu aliyeinamisha kichwa ukumbini.

Nisije nikaonekana kwamba nawatetea watafiti wa usalama katika kila jambo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walijulikana kuwa waliwatumia wasimamizi wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaojengwa na watu wengi kwa pamoja, viraka vyenye kasoro za makusudi, ili kuona kama vitagunduliwa. Bodi ya maadili ya chuo ilikuwa imeamua kwamba huo haukuwa utafiti unaohusu binadamu. Ati haukuhusu binadamu! Wale waliokuwa wakisoma viraka usiku, wengine wakijitolea, walikuwa nani? Aprili mwaka huo Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, akakipiga marufuku chuo kizima kuchangia, michango ya awali ikaanza kukaguliwa upya, watafiti wakaomba radhi na makala yao wakaiondoa. Bodi ile haikuwa na nia mbaya. Haikuwa na mtu wa kuisaidia kuona kwamba nyuma ya kila programu kuna watu. Jukumu la mtu huyo ni letu, na tukidai sauti katika mitambo ya chuo, lazima tukubali na sisi kuangaliwa kwa macho hayohayo.

Sasa niseme ninachokiomba kwa kikao hiki, nami nitasema kwa ufupi kwa kuwa karatasi mnazo mikononi.

Naomba iundwe kamati ya seneti ya teknolojia na usalama, yenye wahadhiri wa vitivo mbalimbali, mafundi wenye kura kamili, na wanafunzi wawili. Msiijaze watu wa kompyuta peke yao. Mwanasheria, muuguzi na mkutubi wanajua siri za watu kuliko mimi. Mfumo wowote unaogusa taarifa za wanafunzi au kuangalia mawasiliano upite mbele yake kabla ya zabuni kusainiwa, kwa sababu baada ya kusainiwa majadiliano yanakuwa mazishi. Ikitokea dharura, mafundi wachukue hatua usiku huohuo bila kumsubiri mtu, kisha waieleze kamati ndani ya siku chache walichofanya. Na kila tukio kubwa liandikiwe ripoti ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma akaielewa.

Naomba pia maabara. Haihitaji jengo jipya. Chumba kimoja, mashine zilizostaafishwa ofisini, swichi moja ya kuziunganisha, na waya wa nje uliochomolewa, vinatosha kuanzia.

Na naomba mlango. Tangu Aprili 2022 kuna waraka wa kiufundi wa intaneti, wenye namba RFC 9116, unaoeleza faili dogo la maandishi liitwalo security.txt. Linawekwa mahali maalumu kwenye tovuti, nalo linasema: ukikuta dosari hapa, mwandikie huyu. Ni mistari michache, na fundi anaweza kuliandika wakati chai yake bado ina moto. Kazi ngumu ni kile kinachokaa nyuma ya faili hilo: mtu mwenye jina atakayejibu, muda wa kujibu uliotamkwa, mipaka iliyoandikwa ya kile ambacho mwanafunzi anaruhusiwa kujaribu na kile asichoruhusiwa, na ahadi iliyosainiwa na uongozi kwamba aliyekaa ndani ya mipaka hiyo na akaripoti kwa nia njema hataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kampuni yoyote inayotuuzia mfumo nayo iifunge ahadi hiyo katika mkataba wake.

Ahadi yenyewe imeandikwa kwenye ukurasa wa tatu. Ina nafasi ya saini ya Makamu Mkuu wa Chuo, ya mkuu wa TEHAMA, na chini yao ya mwalimu wa kila darasa la usalama wa kompyuta. Yangu nimeshaiweka. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba hoja isomwe.